Waridi Hutaka Upepo

Kichaka cha waridi kinatosheka na shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana. Ardhi kiasi hicho haikosekani hata katika kiwanja cha jijini kilichobanwa pande zote. Kinachokosekana ni upepo wa kukipitia kichaka, pamoja na jua la asubuhi la kuyakausha majani yake. Nimelea waridi fupi la manjano mashariki mwa Nairobi kwa miaka mingi, na karibu kila nililojifunza kwalo limetokana na kuutafuta upepo huo mahali ambapo kila mtu anajenga ukuta.

Mtaa wetu ni wa zile nyumba za miaka ya 1970, za orofa moja, zilizokaribiana, kila moja na bustani ndogo mbele, ujia wa pembeni na ua nyuma. Waliozichora walitaka mtu akifungua dirisha aone majani. Siku hizi bustani nyingi zimemezwa: hapa pamejengwa vyumba vya kupangisha, pale kibanda cha duka, kwingine pametandazwa kabro ili gari lipate pa kulala. Silaumu mtu, kodi ya chumba hulipa karo ya shule. Lakini kila chumba kinachoongezwa huziba njia moja ya upepo. Sisi watu huyajua mabadiliko hayo kwa joto la usiku, nalo waridi huyajua kwa madoa.

Nianze na mizizi, maana nayo hupumua. Magharibi mwa jiji, kuelekea Kikuyu na Limuru, udongo ni mwekundu, uliotokana na mawe ya volkano. Maji huingia na kupita. Mashariki, kuelekea Embakasi na nyanda za Athi, ni mfinyanzi mweusi. Mvua ikinyesha huvimba na kuganda kwenye viatu. Jua likiwaka hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto huingia. Mafundi wa ujenzi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Mizizi ya waridi iliyomo ndani yake hukosa hewa wakati wa masika, kisha kiangazi hukatwakatwa na nyufa. Kwa hiyo mimi sikuchimba, nilipandisha. Fundi alinijengea tuta la mawe lenye kimo cha futi 1 na nusu, lisilogusa ukuta wa nyumba, akaacha matundu chini. Tukamwaga kokoto, kisha udongo mwekundu ulioletwa kwa pikapu kutoka upande wa Kiambu, sehemu 2 za udongo kwa sehemu 1 ya samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikaacha kunuka. Gharama ya udongo ilizidi gharama ya mche mara nyingi, na ningeambiwa nichague kimoja cha kuokoa pesa, ningeokoa kwenye mche.

Mapenzi ya waridi la manjano nimeyarithi. Mama yangu alikuwa na moja kule Njoro, kwenye uwanda ulio wazi ambako upepo wa alasiri hupindua miavuli. Lilikuwa la manjano hafifu lenye ukingo wa waridi kwenye petali, jani lake pana na la kung'aa, na kichaka kilimpita baba yangu kimo. Mama hakulipiga dawa hata mara moja. Nilipokuja kusoma habari za maua nilitambua kwamba ni lile liitwalo 'Peace', la Mfaransa Francis Meilland, lililoingizwa sokoni Marekani mwaka 1945 vita vya dunia vilipokuwa vinakwisha. Wajumbe waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa waligawiwa kila mmoja ua lake. Ni waridi kubwa kwa kila maana. Ukilipanda katika ujia wa futi 6 litagusa kuta zote mbili, majani ya ndani hayataona jua, na kila anayepita atachanwa nguo. Nililipenda mno kiasi cha kutotaka kulitesa hivyo, nikaamua kutafuta la manjano lililo fupi.

Wazalishaji wa mawaridi wamelitafuta umbo hilo kwa bidii. Ukoo wa Dickson wa Ireland ya Kaskazini, ambao kitalu chao kilianza mwaka 1836, ulitoa 'Grandpa Dickson' mwaka 1966, la manjano ya limau, na mwaka 1984 ukatoa 'Freedom', la manjano iliyoiva, kichaka cha futi 2 na nusu hivi, chenye majani mazito. Hayo ndiyo mawaridi ya bustani ndogo kwa kipimo cha huko. Kwetu mizani inabadilika. Katika nchi za baridi, kila mwaka kipupwe hulisimamisha waridi na mkasi hulirudisha karibu na ardhi; hapa karibu na ikweta halilali, hukua miezi yote 12, na la futi 2 na nusu linaweza kufika kifuani mwa mtu mzima. Anayesoma kimo kitabuni na aongeze.

Vitalu vya kando ya barabara zetu huuza miche mingi bila majina. Nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye makopo yake yalikuwa yamepangwa mbalimbali, jambo lililonipendeza kabla hata sijamsalimu. Nikamuuliza, "Mzee, hili la manjano litafika wapi?"

"Mama, kwanza usitazame ua," akanijibu. "Ua ni la wiki moja. Tazama vifundo."

Akaweka vidole 2 kwenye shina, kati ya jani na jani. Kwenye mche mmoja vidole vilienea na nafasi ikabaki. Kwenye mwingine havikupata pa kukaa. Akanieleza kwamba mche wenye vifundo vilivyokaribiana utakaa mfupi, wenye vifundo vilivyoachana utakimbilia juu hata ukiukata kila mwezi. Kisha akanionyesha shina lilikotokea: mche mzuri kwa mahali padogo hutoa matawi 3 au 4 kutoka chini kabisa, yakiwa yametanuka kidogo kama vidole vya kiganja kilicho wazi, ili katikati pabaki pana nafasi. Mwisho akapindua jani. Alitaka jani nene, la kijani kilichokolea, lenye mng'ao wa nta, kwa sababu tone la maji haliselei juu yake. Nilichukua mche ambao siku hiyo haukuwa na ua hata moja, tumba tu lenye ncha ya manjano. Sijawahi kupata somo bora zaidi la kununua mche, na nimelitumia pia kwa limau na pilipili.

Waridi la manjano lina historia ambayo kila anayelipanda angepaswa kuijua, maana ndiyo inayoeleza maradhi yake. Mawaridi ya jamii hii, yenye ua moja kubwa juu ya shina moja, huhesabiwa kuanzia 'La France', lililotolewa na Jean-Baptiste Guillot wa Lyon mwaka 1867. Yalikuwa mekundu, meupe na ya rangi ya waridi. Manjano kali haikuwamo. Rangi hiyo ilikuwa kwa waridi la Uajemi, lililofikishwa Uingereza katika miaka ya 1830, la manjano tupu, ambalo huchanua mara 1 kwa mwaka. Joseph Pernet-Ducher, naye wa Lyon, alitumia miaka mingi kulioanisha na mawaridi ya bustani, kazi iliyokataa mara nyingi kwa kuwa mbegu zake ni adimu. Mwaka 1900 alitoa 'Soleil d'Or', na kutoka kizazi hicho manjano ikaenea duniani. Vita vilipoanza mwaka 1914 alimpoteza mwanawe Claudius, kisha akampoteza na mwingine, Georges. Mwaka 1920 alitoa waridi la manjano safi akaliita kwa kumbukumbu ya Claudius. Kila nikisoma hayo huona mzazi aliyebaki na kitalu na hana wa kumwachia.

Waridi la Uajemi lilitoa rangi, na pamoja na rangi likatoa udhaifu. Katika nchi yake ya ukame halina mazoea na majani yaliyolowa, na kuvu wa madoa meusi huliendea kama nyumbani kwake. Watoto wa 'Soleil d'Or' waliurithi udhaifu huo. Zaidi ya karne ya uchaguzi imeupunguza, lakini kwenye manjano bado upo: panda jekundu na la manjano kwenye tuta moja, masika ikija utaona ni lipi linaloanza kupukutisha. Ndiyo maana nasema bustani ndogo na waridi la manjano havipatani mpaka uvipatanishe kwa mkono.

Kuvu huyo ana masharti, na masharti yake ndiyo nafasi yetu. Mbegu zake hutaka jani libaki limelowa kwa takriban saa 7 mfululizo ndipo ziote. Jani likikauka mapema zaidi, zimeshindwa. Umande wa Nairobi huanza kutua usiku. Jua likilifikia jani saa 1 asubuhi na upepo ukapita, saa za kuvu hukatizwa. Jua likichelewa hadi saa 5 kwa sababu ya ukuta, kuvu amekwisha kula. Tangu nielewe hilo, kazi yangu ya kwanza nikitoka nje asubuhi ni kugusa majani ya chini kwa mgongo wa mkono. Yakiwa makavu ifikapo saa 3, naendelea na shughuli zangu. Yakiwa bado mabichi, najua kuna kitu cha kuondoa: tawi lililopita katikati, mmea wa jirani ulioegemea, kopo tupu lililoachwa upande wa upepo. Maji natia chini, shinani, tena asubuhi. Siku za mgao nayo hutoka kwenye mtungi, kikombe kwa kikombe. Majani yenye madoa nayaokota na kuyatia kwenye taka, siyo kwenye mboji. Dawa ya agroveti ninayo, lakini huikumbuka mara chache.

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya, na husisitiza kwamba waridi lipewe upande wa kusini, kwenye jua. Hapa ushauri huo unafaa nusu ya mwaka tu. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua hupita upande wa kaskazini. Miezi mingine hupita kusini. Ukuta wa futi 8 ulio kaskazini mwa tuta, mwezi Juni, hutupa kivuli cha futi 3 na zaidi hata saa 6 mchana, na ujia wa futi 6 hapo umepoteza nusu yake. Upande usiobadilika sana ni mashariki. Kwetu jua la asubuhi ni la mashariki mwaka mzima, na upepo nao mara nyingi hutoka huko huko. Anayechagua mahali pa waridi mjini na atazame mashariki kwanza, hayo mengine atayapanga.

Tuta langu la kwanza lilikuwa kwenye ujia wa mashariki, na ukuta wa jirani ulinifika begani. Kisha jirani akapandisha orofa 2 za vyumba hadi mpakani. Tulizungumza kwa heshima. Nilimwomba aache walau nafasi ya hatua moja, naye akaniambia ramani imekwisha pitishwa na fundi amelipwa. Nilihuzunika kweli, na sidhani huzuni ya mtu anayeupoteza mwanga wake ni jambo dogo. Masika iliyofuata kichaka kilivuliwa majani yote, kikabaki miiba na matumba ya manjano yaliyokauka kabla ya kufunguka. Hakuna dawa ya kutibu ghorofa.

Mvua za vuli zilipoanza nilikikata kichaka hadi chini ya goti, nikakichimba na bonge lake la udongo, nikakihamishia mbele karibu na geti. Barabara yetu inatoka mashariki kwenda magharibi, upepo huifuata kama maji ya mfereji. Ila geti letu, kama mageti mengi ya Nairobi, lilikuwa bati tupu kutoka chini hadi juu. Nikamwambia Baba Watoto nataka likatwe.

"Wezi waone ndani?" akauliza.

"Waone waridi," nikasema.

Hakucheka, wala sikutaka acheke. Usalama wa watu ni jambo zito. Tulikaa na fundi wa vyuma akatupatia njia: kuanzia usawa wa kifua kwenda juu aliondoa bati akachomelea mapande membamba yaliyolala mshazari, yanayopishana, hivi kwamba aliye nje haoni ndani lakini upepo unapita. Akafanya vivyo hivyo futi 1 kutoka chini. Majani ya kichaka sasa hutikisika saa 2 asubuhi. Na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba sebule yetu, iliyokuwa na joto la kuchosha kila Februari, imepoa.

Kukata nilifundishwa na shangazi yangu, aliyefanya kazi Naivasha kwenye mashamba ya maua, kwanza kitaluni, baadaye kwenye kupanga maua kwa urefu. Huko mawaridi ya manjano hukaa chini ya paa la plastiki, mvua haiyagusi, na madoa meusi hayasumbui. Ukungu mweupe ndio adui, na ni sababu moja ya paa kuwa na nafasi za kutolea hewa. Shangazi alipokiona kichaka changu alishika mkasi kabla hajaketi.

"Mwanangu, katikati hapa pamefungwa," akasema. "Panya anaweza kuzaa humu."

Akaondoa tawi zima lililoelekea ndani, hadi kwenye shina. Kisha akanionyesha jicho, kile kivimbe kidogo kwenye shina juu ya kovu la jani, akasema likate tawi juu ya jicho linalotazama nje, kwa mshazari, kwa upana wa kidole cha kando juu yake. Tawi jipya litaenda lilikotazama jicho. Vikitokea vichipukizi kutoka chini ya mahali pa kubebeshea, pale waridi lilipounganishwa na shina la kubebea, ving'olewe kwa kuvutwa, visikatwe. Kuna jambo moja hatukubaliani hadi leo. Yeye hukata ua na shina refu la sentimita 60, kama la kwenda mnadani. Mimi hukata fupi, juu ya jani la kwanza lenye vijani 5, kwa sababu kichaka kifupi kikipoteza shina refu kimepoteza nusu ya majani ya kujilishia. Naamini hapo niko sahihi, kwa bustani.

Kwa kuwa hapa hakuna kipupwe cha kulilaza waridi, mwenye mkasi ndiye huamua. Mimi hukata kwa nguvu mwisho wa Julai, baridi inapoelekea kuisha, na kwa wepesi mwisho wa Desemba. Kutoka mkasi hadi ua ni wiki 6 hadi 8, kwa hiyo maua makubwa hunijia Septemba na Februari, wakati wa ukavu. Ya Februari hupauka kufikia mchana, jua lile ni kali mno kwa manjano. Ya Septemba ndiyo hunifanya nisimame: petali nene, manjano iliyojaa hadi kitovuni, na ua moja hukaa kwenye tawi zaidi ya wiki likifunguka polepole.

Majuzi kijana anayeishi ghorofa ya 4 kwenye jengo jingine la jirani alisimama getini akaniuliza kama mtu asiye na ardhi anaweza kupanda waridi. Nilimwambia ana kile ambacho mimi nimekikatia geti, maana upepo wa ghorofa ya 4 haujazuiwa na mtu. Nikamuuliza roshani yake ya sebuleni inatazama wapi. Kusini, akasema, na ya kufulia nguo, karibu na jikoni, inatazama kaskazini. Basi atanunua nusu pipa la plastiki la lita 50, si jeusi, asije akapika mizizi, na atatoboa matundu ubavuni pia, inchi 1 kutoka chini, kwa kuwa ya chini yakikaa juu ya saruji huzibika. Fundi atamfungia magurudumu. Oktoba hadi Machi pipa litakaa roshani ya sebuleni. Machi ikiisha atalisukuma kupitia jikoni hadi upande wa pili, na mkewe ameshakubali kuhamisha kamba za nguo.